Utangulizi: Taa ya Paula na Nakala Tulizo Nazo

Mara ya kwanza nilipoitazama Gaslight nilidhani deki imeharibika. Mwalimu wetu alikuja darasani na kanda ya VHS aliyonakiliwa na rafiki yake, kanda isiyo na kava, jina limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1944. Mwongozaji ni George Cukor, Ingrid Bergman ni Paula, Charles Boyer ni mumewe Gregory. Jioni mume anaaga, anatoka. Paula anabaki peke yake chumbani, na taa ya gesi iliyo ukutani inaanza kufifia ilhali hakuna aliyeigusa. Baadaye zinasikika nyayo darini. Akiuliza, anaambiwa ni mawazo yake tu, kwamba akili yake imeanza kumtoka.

Sisi darasani tulikuwa na msiba wetu. Picha nzima ilikuwa ikififia na kung'aa, ikififia na kung'aa, tangu majina ya mwanzo. Hata mchana wa Italia, ambako Paula na Gregory wanaoana, ulikuwa unaingia giza na kutoka. Basi taa ya Paula ilipofifia kweli, nusu ya darasa hawakuiona, na nusu nyingine walikuwa wamekwisha kuiona ikififia mara ishirini. Mwenzangu mmoja alitoka pale akiamini kwamba Gregory anasema kweli na mkewe ni mgonjwa. Tulimcheka. Leo nadhani yeye ndiye aliyekuwa mtazamaji mwaminifu kuliko sisi sote, kwa sababu alihukumu kwa ushahidi aliopewa.

Miaka ilipita ndipo nikaja kuelewa kilichoikumba kanda ile. Deki inayorekodi ina sehemu inayojirekebisha yenyewe: mawimbi ya picha yakija na nguvu nyingi inayapunguza, yakija hafifu inayaongeza. Kuanzia mwaka 1985, kwa kanda ya The Cotton Club, wasambazaji walianza kutumia kinga iitwayo Macrovision. Kinga hiyo hupachika mapigo ya nguvu bandia kwenye mistari ya picha ambayo macho hayaioni. Ukiitazama kanda halali, runinga haina habari na mapigo hayo. Ukijaribu kuinakili, deki ya pili inadanganyika: mapigo yakipanda inaizimisha picha, yakishuka inaiwasha. Mwizi anapata filamu, lakini anapata filamu inayopumua. Na kwa filamu hii, kati ya filamu zote duniani, kupumua kwa mwanga ndiyo hadithi yenyewe.

Hapo ndipo nilipoingia katika taaluma ninayokukaribisha leo. Haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Mimi huiita uhakiki wa matoleo ya video: kuchunguza filamu ilivyofika nyumbani kwa mtu, kwa kanda gani au diski gani, imetolewa kwenye filamu ipi ya asili, imepunguzwa nini, imeongezwa nini, na mtazamaji ameona nini hasa. Ukitaka kumjua ndugu yake mkubwa, mtazame mhakiki wa tenzi. Waliohakiki Al-Inkishafi walikaa na miswada ya hati ya Kiarabu wakalinganisha neno kwa neno, mwandishi huyu kaandika hivi, yule kaandika vile, huyu kasahau ubeti. Sisi tunafanya kazi hiyohiyo, ila miswada yetu inazunguka ndani ya mashine.

Watu wengi hudhani ubora wa diski ni jambo la wapenda vifaa, wale wenye spika tano sebuleni na maneno mengi mdomoni. Ni kweli baadhi yao wanachosha. Hata hivyo kuna aina ya filamu ambazo ubora ukipungua, kinachopungua ni maana, na za kwanza katika orodha yangu ni zile za taharuki ya nyumbani. Filamu ya vita ikififia bado utasikia mabomu. Katika taharuki ya nyumbani hakuna bomu. Adui ni mume, mke, mpangaji au yaya, uwanja wa vita ni jikoni, na ushahidi ni vitu vidogo: picha iliyohamishwa ukutani, bruchi iliyopotea kwenye mkoba, mstari wa mwanga chini ya mlango. Mtazamaji anaombwa awe mpelelezi ndani ya nyumba ya watu. Ukimpa nakala mbovu umemfunga kitambaa machoni, halafu unamuuliza kwa nini hakuona.

Nikae kidogo hapo kwenye taa, maana ndipo penye utamu wa kazi hii.

Katika nyumba zilizowashwa kwa gesi, bomba moja lililisha taa nyingi. Ukiwasha taa nyingine, ile ya kwanza inapungukiwa na kushuka kidogo. Paula anaijua kanuni hiyo. Ndiyo sababu anashituka. Kama taa yake imeshuka na watumishi hawakuwasha nyingine, basi kuna mtu amewasha mahali fulani ndani ya nyumba. (Mtu huyo ni mumewe, amezunguka akapanda darini kutafuta vito vya shangazi wa Paula, aliyeuawa humohumo.) Joseph Ruttenberg, mpiga picha wa filamu hii, hakuizima taa ghafla. Aliishusha polepole, na vivuli vya chumba vikashuka nayo. Kushuka huko polepole, ndani ya giza, ndiko kunakotesa kila chombo kilichowahi kubeba filamu majumbani.

VHS, iliyozaliwa Japani mwaka 1976, huonyesha takriban mistari 240 ya undani kwa upana wa picha, na kila ukiinakili unaukata undani huo. Vivuli vinakuwa tope moja. VCD iliyofuata miaka ya 1990 iliondoa mikwaruzo ya kanda ikaleta maradhi mapya. Picha yake ni pikseli 352 kwa 288, na kila sekunde inapewa takriban megabiti 1.15 tu za picha. Ili filamu itoshe, programu ya kubana huigawa picha katika vijiraba vya pikseli nane kwa nane, kisha inatupa kile inachodhani jicho halitakikosa. Inachokitupa kwanza ni tofauti ndogo ndogo za giza. Aidha, badala ya kuhifadhi kila picha kwa ukamilifu, huhifadhi picha moja kamili, kisha mabadiliko tu. Badiliko likiwa dogo mno huhesabiwa kuwa si kitu. Sasa fikiria taa inayoshuka nukta kwa nukta. Programu inasema hakuna kilichobadilika, hakuna, hakuna. Picha kamili nyingine inapofika, chumba kinaruka giza kwa mkupuo kama mtu aliyekosea ngazi. Paula anatazama taa ikififia, wewe unatazama vijiraba vikicheza ukutani.

DVD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ilipanua njia: pikseli 720 kwa 576 katika mfumo wetu wa PAL, na megabiti hadi 9.8 kwa sekunde. Lakini mkate ni uleule, inategemea umeukata vipande vingapi. Wale waliopita mitaani na diski zilizoandikwa "filamu 20 kwa moja" hebu wapige nami hesabu. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Gawa kwa ishirini, kila filamu inapata megabaiti 235. Gaslight ni ya dakika 114. Ukigawanya, kila sekunde inapata kama robo ya megabiti, yaani chini ya kile ilichopewa VCD kwa mara nne. Jina ni DVD, kava ni la DVD, kilichomo ni uji.

Blu-ray, iliyokuja mwaka 2006, ndiyo iliyoniwezesha kuiona taa ile kwa mara ya kwanza. Ina pikseli 1920 kwa 1080 na nafasi ya gigabaiti 25 au 50. Toleo la Gaslight la Warner Archive ni la mwaka 2019, na nililitazama usiku, pazia zimefungwa. Ukuta ulio nyuma ya Bergman haukuwa mweusi. Ulikuwa na karatasi ya maua, nayo maua yalikuwa yakizama moja moja kadiri taa ilivyoshuka. Nilikuwa nimeitazama filamu hii kwa miaka mingi bila kujua kwamba ukuta ule una maua.

Usikimbilie kudhani kwamba diski mpya inatosha. Mwanga hupimwa kwa namba, na katika video ya nyumbani weusi kamili umewekwa kwenye 16, weupe kwenye 235. Kompyuta nyingi huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Kifaa kikituma kwa kipimo cha pili huku runinga ikisubiri cha kwanza, kila kilicho chini ya 16 kinazama, na maua ya ukutani yanazama nacho. Kuna balaa jingine, nalo ni runinga zenyewe. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaorekebisha mwanga wa skrini kufuatana na picha: picha ikiwa na giza, taa ya nyuma ya skrini inapungua, ikiwa na nuru, inapanda. Duka linaupenda kwa sababu unavutia wateja. Lakini taa ya Paula inaposhuka, runinga nayo inashuka kwa mwendo wake yenyewe, au inapandisha vivuli ili "kusaidia." Kanda yetu ya darasani imerudi, safari hii kwa bei ya milioni.

Kama Gaslight inapima kushuka kwa mwanga, Wait Until Dark ya mwaka 1967 inapima giza lenyewe. Audrey Hepburn ni Susy, mwanamke asiyeona, na Alan Arkin ni Roat, muuaji aliyeingia kwenye nyumba yake akitafuta mwanasesere. Susy anavunja balbu zote ili wawe sawa, yeye na adui. Amesahau moja: ile ya ndani ya friji. Filamu hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, majumba ya sinema yalitangaza kwamba taa za ukumbi zitapunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Hadhira ilipaswa kuwa gizani pamoja na Susy. Nakala iliyong'arishwa na fundi mwenye huruma humwonyesha Roat pembeni kabla ya wakati wake, na mshituko unakufa. Iliyozamishwa haikuonyeshi kitu, unabaki kusikia vishindo kama jirani anahama. Kati ya makosa hayo mawili mimi huchukia zaidi lile la kung'arisha, maana linafanywa kwa nia njema.

Nia njema hiyohiyo ndiyo inayofuta punje. Filamu ya zamani imejengwa kwa chembe za fedha, na chembe hizo huonekana kwenye skrini kama mchanga mwembamba unaotetemeka. Kwetu mtu akiona kitu kinachotetemeka kwenye runinga anasema "chenga" na kumtuma mtoto akazungushe antena. Kwa hiyo namwelewa mnunuzi anayelalamika. Ila chenga ni ugonjwa wa mawimbi. Punje ni mwili wa picha. Kuna wachapishaji waliopitisha filamu zao kwenye programu za kulainisha ili kuwaridhisha walalamikaji, na nyuso za waigizaji zikatoka kama zimepakwa nta. Uso wa Bergman ndio ramani ya filamu yake: jicho linavyotafuta mahali pa kutua, kope zinavyochelewa. Ulainishe uso huo, Paula atakuwa mtulivu mahali ambapo Bergman alimwigiza akivunjika. Kwa kazi ile alipata Oscar. Sidhani kama angeipata kwa nta.

Sauti nayo ina ndugu wa ulainishaji. Filamu za miaka ya 1940 zina mvumo wa chini unaosikika wakati wa kimya. Fundi akiufyeka mno, anaondoka na nyayo za darini, ambazo zimerekodiwa kwa makusudi zikiwa chini sana.

Mwendo na ukubwa wa picha nitavigusa tu. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini PAL inaenda 25, hivyo matoleo mengi ya PAL yalikimbizwa: dakika 114 za Gaslight zinakuwa kama 109 na nusu, na sauti inapanda kidogo, kiasi kwamba Boyer anapoteza uzito wa koo lake. Upande wa ukubwa, filamu pana ya 2.39 kwa 1 ikikatwa pande ili ijaze runinga ya zamani ya 1.33 kwa 1, inapoteza takriban asilimia 44 ya eneo lake. Katika taharuki ya nyumbani, mlango unaofunguka mara nyingi uko ndani ya asilimia hizo. Gaslight iliponea hapo, kwa sababu umbo lake linakaribiana na la runinga ya zamani.

Kuna swali kubwa kuliko yote haya, nalo ni kama filamu ipo kabisa. Gaslight ya Cukor si ya kwanza. Patrick Hamilton aliandika tamthilia mwaka 1938, na mwaka 1940 Thorold Dickinson akaifanya filamu huko Uingereza, Anton Walbrook akiwa mume na Diana Wynyard mke. Ni filamu fupi, kali, na Walbrook anatisha kuliko Boyer. Wanaobisha karibuni tujadiliane. Kampuni ya MGM ya Marekani iliponunua haki ya kuitengeneza upya, ilitaka negativu na nakala za ile ya Uingereza ziharibiwe, isiwe na mshindani. Tafakari kidogo: filamu inayomhusu mtu anayeambiwa kwamba alichokiona hakipo, na kampuni inayotaka filamu iliyoonwa na watu isiwepo. Husimuliwa kwamba Dickinson alijitengenezea nakala kwa siri. Vyovyote iwavyo, filamu ilinusurika. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliitoa kwenye Blu-ray mwaka 2013. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Warner, iliyorithi maktaba ya zamani ya MGM, ilitoa DVD yenye filamu zote mbili, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Kila mara ninapoigeuza diski ile najisikia kama ninafungua kesi iliyokwisha kufungwa.

Wakati mwingine filamu ipo ila haijulikani ni ipi. Fatal Attraction ya mwaka 1987 ilikuwa na mwisho ambamo Alex, aliyeigizwa na Glenn Close, anajiua na mashaka yanamwangukia mpenzi wake. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukapigwa mwisho mwingine wa vurugu bafuni, na huo ndio dunia inaoujua. Mwisho wa kwanza umo kwenye DVD ya mwaka 2002 kama nyongeza. Ukisoma makala inayomhukumu Alex, uliza kwanza mwandishi alitazama nini.

Na kwetu? Taharuki ya nyumbani ni chakula cha kila siku cha filamu za Bongo: mke mwenza, dada wa kazi, shemeji aliyekuja kukaa wiki mbili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu hizo zilipigwa kwa kamera za video na kwenda moja kwa moja kwenye kanda, kisha VCD, kisha DVD. Hazikuwahi kuwa na negativu ya kukimbilia. Mara kanda ya kamera ilipofutwa ili itumike tena, au kompyuta ya mhariri ilipokufa, diski iliyouzwa dukani ikawa ndiyo asili. Nimeziona diski za aina hiyo zimetundikwa shambani kufukuza ndege wa mpunga, zikimetameta vizuri kabisa. Anayezo, na kava lake, ninamsihi asizitupe. Azifute vumbi kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea nje, azinakili kwenye kompyuta kama zilivyo bila kuzibana upya, na aandike mahali alipozinunua.

Wewe unayeanza, huhitaji maabara. Chukua filamu moja unayoipenda, tafuta matoleo mawili, chagua dakika tano na uzitazame mara kumi, ukiandika kila kitu kinachoonekana huku na kisichoonekana kule. Ukitaka kuanza na Gaslight, subiri usiku, funga pazia, zima kwenye runinga kila mpangilio unaojirekebisha. Karibu na mwisho, mpelelezi Cameron, aliyeigizwa na Joseph Cotten, anaingia kumhoji Paula, na mbele ya macho yake taa inashuka. Ni mtu wa kwanza kumwambia Paula kwamba naye ameiona. Kama wewe hukuiona, usijilaumu. Chukua rimoti, rudisha nyuma, na uanze kuikagua nakala yako.